Mida, Bahari Inapowaandalia Ndege Wageni

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi huipita Mida kwa dakika chache tu. Upande wa kushoto huuona msitu wa Arabuko-Sokoke, na upande wa kulia maduka, misikiti midogo na mashamba ya minazi. Yaliyo nyuma ya minazi hiyo hayaoni. Nako nyuma yake, mwendo mfupi wa miguu, kuna hori, yaani mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu na kuzungukwa na mikoko. Maji yakijaa, hori hii ni kama ziwa la rangi ya buluu. Yakipwa, hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga, umekatwa na vijito vichache vya maji, na asiyejua husema hapana kitu pale. Uwanja huo wa tope ndio uliotupeleka Mida.

Mahali hapa pana hadhi ya kiserikali tangu zamani. Hori ya Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo iliwekwa mwaka 1968, na mwaka 1979 eneo hilo lilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe hai. Hata hivyo jamaa zetu wa pwani, siku za likizo zikifika, huwaza mchanga mweupe wa Watamu na Diani, au bembea za Mama Ngina. Habari za Mida hujulikana zaidi na wageni wa kizungu wenye darubini shingoni. Sisi tulikuwa watu tisa wa nyumba moja: bibi yetu aliyepita miaka 70, ami yetu na mkewe, wazazi, na watoto wanne ambao mdogo wao ana miaka sita. Tuliondoka Mombasa Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba, baada ya sala ya alfajiri.

Siku haikuchaguliwa ovyo, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ni jambo ambalo familia za Kiislamu zinaweza kulifanya kwa wepesi kuliko wengine. Anayetaka kuwaona ndege wa Mida hana budi kwanza kuujua mwezi. Bamvua, yaani maji makuu, huja mwezi unapoandama na unapotimia. Kwa hivyo mwenye kuhesabu tarehe za Kiislamu anajua kwamba siku za mwanzo wa mwezi, na zile zinazoanzia tarehe 14 au 15, bahari hupwa sana na kujaa sana. Katika pwani yetu ya Kenya, siku za bamvua maji huwa yamepwa kabisa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kiasi cha saa kumi hadi saa kumi na moja alasiri. Tofauti baina ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mnamo tarehe 7 na 22, mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, alasiri yamepwa, na tofauti yake ni ndogo. Wavuvi hawakufundishwa haya kwa kitabu. Bibi yetu, ambaye marehemu babu yake alikuwa mvuvi wa Takaungu, aliihesabu siku kwa vidole huku akikoroga uji, na hesabu yake haikukosea. Siku yetu ilikuwa tarehe 15.

Safari yenyewe si ndefu, kiasi cha kilomita 100. Ukivuka daraja la Mtwapa, ukayapita mashamba ya mkonge ya Vipingo na daraja la Kilifi, umekwisha kukaribia. Saa tatu na nusu tulikuwa tumefika, na kijana mmoja mwenyeji wa pale, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni, alitupokea kwa shikamoo kwa bibi na salamu kwa wengine. Alituuliza jambo moja tu kabla ya kuondoka: kama kuna aliyevaa nguo nyeupe inayong'aa. Ami yetu alikuwa na kanzu. Akaambiwa kwa adabu kwamba kanzu haina ubaya wowote, ila kwenye kibanda cha kutazamia akae nyuma kidogo.

Asubuhi tulitembea ukingoni mwa mikoko wakati maji yakiwa mbali. Sisi watu wa pwani tumezoea kusema mikoko kana kwamba ni mti mmoja, kumbe ni jamii za miti tofauti, kila mmoja na jina lake na mahali pake. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui. Mlilana huwa mbele kabisa, unaoga maji kila siku. Mkandaa hukaa nyuma. Mchu hutoa mizizi midogo inayochomoza topeni mfano wa penseli zilizopangwa, nayo ndiyo pua zake, kwa kuwa tope halina hewa. Kiongozi wetu aliwataka watoto wailambe jani la mchu. Walisita, kisha wakacheka: jani lina chumvi kweli, kwa sababu mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake. Mbegu ya mkoko nayo iliwashangaza kuliko yote. Huchipua ingali imeshikwa na mama yake mtini, ikarefuka kama mkuki, kisha siku yake ikifika huanguka na kujichoma topeni tayari kukua. Isipokuta tope huchukuliwa na maji, na huweza kuelea siku nyingi kabla ya kupata pa kushika.

Bibi alipouona mkandaa alisimama. Alisema dari ya nyumba waliyozaliwa kina mama yake ilikuwa ya boriti, na kwamba vyumba vya zamani vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti haikuwa ndefu. Ni kweli. Upana wa vyumba vya miji yetu ya kale, tangu Lamu hadi Kilwa, uliamriwa na urefu wa mti wa mikoko. Na boriti hizo hazikuishia kwetu. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yamezipakia, yakazipeleka katika miji ya Ghuba na Oman ambako miti ya kujengea ilikuwa haba. Misikiti na majumba ya kule yaliezekwa kwa mikoko ya Afrika Mashariki. Tunalitaja hili kwa kuwa ndege tuliyemfuata Mida anasafiri njia hiyo hiyo.

Baada ya kupumzika na kuswali adhuhuri katika msikiti ulio kandokando ya barabara kuu, tulirejea horini kwa ajili ya daraja. Ni daraja la mbao na kamba, linaning'inia katikati ya mikoko kwa zaidi ya mita 200, na mtu akilikanyaga linayumba. Watoto walilifurahia mno. Bibi alilitazama, akasoma bismillahi, akatangulia. Mwisho wake ni kibanda cha makuti kilichotazamana na uwanja wa tope, chenye mbao za kukalia. Wakati huo maji yalikuwa yameanza kurudi, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua saa ile. Maji yakiwa mbali ndege nao huwa mbali, wametawanyika hata huwezi kutofautisha ndege na jiwe. Yanapopanda, tope la kulia chakula hupungua, nao husogea mbele ya maji hatua kwa hatua mpaka wakawa karibu na kibanda.

Wa kwanza kumtambua ni yule tuliyekwenda kumwona. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, kimo chake kama kuku mdogo aliyesimamishwa juu ya fimbo, na mdomo mweusi mnene usiofanana na mdomo wa ndege mwingine wa ufuoni. Tutamwita mla-kaa, kwa sababu kazi yake ni hiyo. Hutembea polepole, husimama, kisha hukimbia ghafla na kumnyakua kaa. Kaa mdogo humeza mzima. Kaa mkubwa humpigapiga mpaka magando yakatoka. Mida ni mojawapo ya mahali panapokusanya mamia yao katika pwani ya Kenya, kuanzia mwezi wa Agosti hadi Aprili.

Nyumbani kwake pa kuzalia ni fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, katika miezi ya joto kali. Ndege wengi wa jamii ya ufuoni hutaga juu ya ardhi, kwenye kishimo kidogo tu. Huyu huchimba pango mchangani, na humo jike hutaga yai moja, jeupe, kubwa kuliko linavyotarajiwa kwa mwili wake. Joto la mchanga uliopigwa na jua husaidia kuliangua, hata wazazi wakapata nafasi ya kwenda kutafuta chakula. Kinda akitoka hubaki pangoni, akiletewa kaa na wazazi wake. Na jambo lililowafanya mama wa nyumba yetu watazamane ni hili: mtoto huyo akisharuka, husafiri pamoja na wakubwa wake kuja huku kwetu, na akifika Mida bado anaomba kulishwa. Tulimwona mmoja. Umbo lake lilikuwa la mtu mzima, rangi yake ya kijivu kidogo, akimwandama mkubwa mmoja hatua kwa hatua huku akipiga mbinja nyembamba bila kuchoka. Mkubwa yule alijitia hasikii kwa kitambo, kisha akampa. "Huyu ni wetu," alisema mke wa ami, akimtazama mwanawe wa miaka kumi na tano, na kicheko kilikuwa kikubwa kuliko adabu ya kibandani ilivyoruhusu.

Mwaka mzima, basi, na yai moja. Msomaji akumbuke hesabu hiyo, kwa kuwa itakuja kuwa na uzito.

Waliomzunguka mla-kaa walikuwa wengi kuliko yeye. Sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda alikuwa akiwatoa kaa mashimoni. Heroe wachache walisimama mbali ndani ya maji. Yangeyange walikuwa wameota kama maua meupe juu ya mikoko. Lakini waliotushughulisha zaidi ni vitwitwi, ndege wadogo wa rangi ya mchanga ambao mtu angewapita asiwatazame mara mbili. Kiongozi alituonyesha mmoja ambaye mdomo wake umepinda chini kidogo. Uzito wake ni kiasi cha gramu 60, yaani hazidi vijiko vichache vya sukari. Amezaliwa kaskazini mwa Siberia, kwenye nchi isiyo na miti ambako ardhi chini haiyeyuki barafu, na umbali kutoka kule hadi Mida unazidi kilomita 8,000. Mwezi wa Aprili, kabla hajarudi, kifua chake hugeuka rangi nyekundu ya matofali, na uzito wake huongezeka kwa mafuta anayoyaweka mwilini. Mafuta hayo ndiyo masurufu yake ya safari. Yote yanatoka katika tope lile, kwa funza na konokono wadogo ambao jicho letu haliwaoni.

Tope hilo halipatikani kila saa. Bahari hulifunua mara mbili kwa siku na kulifunika mara mbili, usiku na mchana, na ndege hao hula kwa kulifuata, hata gizani. Maji yakiwa yamejaa husimama mguu mmoja na kungoja. Kila saa ya kula ina mpaka wake, na hakuna wa kuisogeza.

Tulikuwa tungali tunaelezwa hayo tulipoona kundi zima linaruka kwa mara moja, mamia kwa mamia, likageuka angani kama kitambaa kilichokung'utwa. Watoto walishangilia. Lilikuwa jambo la kupendeza machoni, na hatutasema uwongo kwamba hatukulifurahia kwa ile nukta ya kwanza. Kisha tukaona sababu yake. Vijana watano waliokuja kwa matembezi walikuwa wameshuka topeni kutokea upande mwingine, wakikimbia na kupiga makofi, na mmoja akiwachukua kwa simu. Ndege walipotua walikimbizwa tena, kwa kuwa picha ya kwanza haikutoka vizuri. Mara ya tatu wala-kaa walivuka hori wakatokomea.

Kiongozi wetu aliteremka, akawaendea bila kupaza sauti. Tulisikia maneno kwa kuwa upepo ulikuwa ukitujia.

"Si ndege tu hawa?" mmoja aliuliza. "Watarudi."

"Watarudi, ndugu yangu," alijibu. "Lakini maji hayawangojei. Wakirudi, mezani pameondolewa."

Wale vijana hawakuwa wabaya. Walitoka topeni, na mmoja akaja hata kibandani akaomba darubini. Walikuwa watoto wa pwani kama wetu, na pengine hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba pana kitu pale kinachoweza kuharibika. Mikoko ikikatwa, kisiki huonekana, na sheria ipo. Mifuko na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, na mtu akitupa taka utaiona. Lakini ndege aliyefukuzwa mara tatu kwenye chakula haachi alama yoyote. Ataonekana salama, atatua mahali pengine, na upungufu wake utajulikana Aprili, juu ya bahari, ambako hapana mtu wa kuuhesabu.

Bibi aliwakalisha wajukuu akawasimulia kisa ambacho wengi wetu tulikisikia chuoni, kilichopokewa katika Sunan ya Abu Dawud: jinsi masahaba walivyochukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akitandaza mbawa zake kwa dhiki, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Mtoto wa miaka sita aliuliza kama wale vijana walichukua makinda. Akaambiwa hapana, walichukua wakati. Alinyamaza kwa muda, na hatujui alielewa kiasi gani.

Ingekuwa kosa kuiandika Mida kana kwamba ni ya ndege peke yao. Watu wa vijiji vinavyoizunguka, Waswahili na Wagiriama, wameishi kwa hori hii kwa samaki, kaa na miti, na hifadhi ilipokuja waliambiwa mengi ya kuacha kabla ya kuambiwa watakachopata. Kwa hivyo tulitaka kujua ada tuliyolipa darajani inakwenda wapi. Daraja hilo limejengwa chini ya mpango uitwao ASSETS, wa shirika la A Rocha Kenya, na mapato yake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Yaani mgeni hulipa kutembea juu ya mikoko, na mtoto wa mwenyeji husoma. Ami yetu, mwalimu mstaafu asiyesifu mambo upesi, aliikubali hesabu hiyo. Neno lake lilikuwa moja: mbona waliolipa siku ile walikuwa wageni wa mbali watupu, isipokuwa sisi na wale vijana watano?

Kule Dabaso, upande mwingine wa hori, kikundi cha wenyeji kina mkahawa uliojengwa kwa nguzo kati ya mikoko, na sifa yake kubwa ni sambusa za kaa. Kuhusu kaa, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wana maneno yao yanayojulikana, nasi tuliagiza samaki wa kupaka na wali. Mla-kaa hana madhehebu. Mwenye siku ya pili asiache kupita Gede, dakika chache kwa gari, akaone mji wa Waislamu ulioachwa katika karne ya 17: msikiti wake mkuu, kibla chake kikingali kimesimama, na visima vyake vilivyochimbwa ndani kwa mawe. Sisi hatukuwa na wakati.

Kwa anayetaka kwenda, haya yatamsaidia. Tarehe ya Kiislamu itazamwe kwanza, ichaguliwe siku ya bamvua, na mtu awe darajani saa saba hadi saa tisa mchana, ndege wakisogezwa na maji. Miezi ya Septemba hadi Machi ndiyo yenye wageni wengi, na Aprili ndiyo ya kuwaona wakiwa wamevaa rangi ya safari. Nguo ziwe za rangi ya udongo au kijani. Buibui haina tabu hata kidogo, na mwenye kanzu nyeupe tumekwisha kumtaja. Viatu viwe vya kufungwa, kwa sababu tope la mikoko huvua ndara likazimeza. Kiongozi achukuliwe wa pale pale. Darubini moja hutosha watu wanne wenye subira, na haitoshi watoto wanne.

Tulikaa mpaka jua lilipoanza kuzama. Maji yalikuwa yamefika chini ya mbao za kibanda, na wala-kaa walikuwa wamerudi, wamejipanga juu ya ukingo wa mchanga uliobaki, vichwa vyote vikielekea upepo. Kisha keremkerem wekundu wakaanza kuja kutoka bara, wawili wawili, halafu makumi, wakitua juu ya mikoko kulala, hata matawi yakageuka rangi. Mtoto mdogo alijaribu kuwahesabu akafika 60 akaanza upya. Sauti ya adhana ya maghribi ilitufikia hafifu kutoka upande wa barabara. Bibi alisimama, akaomba mkono, na tukarudi darajani mmoja mmoja, polepole, ili lisiyumbe.